Somo la Redio: Kioo cha Kuongozea Mitambo

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: kipimo, kidhibiti, anwani, hadhari.

Sisi wa Kilimanjaro tunaijua kazi ya mfongo. Mzee wa mfongo hupanga zamu za maji, lakini hawezi kusimama kwenye chanzo na shambani kwa wakati mmoja. Lazima apate habari. Maji ni mengi au machache? Nani amefungua? Bila habari, maji hupotea na majirani hugombana.

Mitambo mikubwa nayo ni hivyo hivyo. Maji ya mlima wetu hushuka mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, penye mitambo ya umeme ya megawati 8 iliyoanza kazi mwaka 1968. Kisha hufuata mto Pangani mpaka Hale, kituo cha megawati 21 kilichoanza mwaka 1964, na New Pangani Falls, cha megawati 68, kilichoanza mwaka 1995. Maji yanayofunguliwa juu ndiyo yanayotumika chini. Kwa hiyo habari lazima zitangulie maji.

Zamani mwangalizi alizunguka na daftari, akisoma saa moja moja ya mtambo. Siku hizi huketi mbele ya kioo cha kompyuta, na habari humjia kwa waya. Je, kioo hicho hutengenezwaje? Tuchukue mfano mdogo: pampu moja na tangi moja la maji.

Kwanza, fundi huandika orodha ya mambo yote ya kujua: kina cha maji, pampu inazunguka au imesimama.

Pili, huweka kipimo ndani ya tangi. Kipimo hupeleka habari kwa kidhibiti, yaani kompyuta ndogo iliyo karibu na pampu. Kidhibiti ndicho kinachowasha na kuzima pampu. Kioo huonyesha tu na kupeleka amri.

Tatu, kila chombo hupewa anwani ya tarakimu. Kidhibiti kinaweza kuwa 192.168.1.10, na kioo 192.168.1.11. Vyombo viwili vikipewa anwani moja, habari hupotea, kama barua ya watu wawili wenye sanduku moja la posta.

Nne, huchora picha ya tangi na pampu, na kuunganisha kila picha na jambo lake katika orodha.

Tano, huweka hadhari. Maji yakipungua mno, kioo hutoa maandishi na kengele hulia. Kila mfanyakazi hupewa neno lake la siri, ili asiyehusika asitoe amri.

Sita, hujaribu. Mmoja hukaa penye kioo, mwingine penye tangi, wakalinganisha. Kioo kinasema mita 2. Je, tangini ni mita 2 kweli?

Hapa sikilizeni sana. Waya ukikatika, kioo kisichotengenezwa vizuri huendelea kuonyesha tarakimu ya zamani. Mwangalizi husoma mita 2, kumbe tangi ni tupu na pampu inaungua. Kwa hiyo kioo chema huonyesha alama mara habari zinapokatika. Picha ya tangi si tangi.

Jambo jingine ni uhai wa mtu. Fundi akiwa ameingiza mkono ndani ya pampu, mtu wa mbali aweza kuiwasha bila kumwona. Basi kabla ya kuigusa, fundi huzima swichi kubwa pale pale, huifunga kwa kufuli, na ufunguo hubaki mfukoni mwake. Neno la siri halitoshi.

Mnaona basi faida ya kusoma. Kengele huwaamsha wote, lakini ni msomaji tu anayejua inalilia nini.

Maswali ya darasani:
1. Chombo gani huwasha pampu: kioo au kidhibiti?
2. Kwa nini vyombo viwili visiwe na anwani moja?
3. Ufunguo wa kufuli hukaa wapi, na kwa nini?

Andikeni majibu katika madaftari yenu. Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.