Redio mbili pacha: uchukue ipi?

(Mazungumzo ya redio ya wiki hii)



Zamani kununua redio halikuwa jambo la kuumiza kichwa. Mtu alikwenda dukani, akatia betri, akazungusha kitufe, akaisikia Radio Tanzania inasema, akalipa na kuondoka. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, redio moja ya betri ilitosha kukusanya kundi zima la wananchi chini ya mti wakasikiliza somo na kulijadili. Haikuhitaji neno la siri wala bando.

Leo mambo yamebadilika. Zipo redio za stereo, zile kubwa zinazowekwa kabatini na kuunganishwa na spika mbili, ambazo mafundi huziita resiva. Nyingi zimeongezewa uwezo wa kuingia kwenye intaneti, na kwa njia hiyo mtu aliyekaa Kawetele, pale Tukuyu, anaweza kusikiliza kituo cha Mombasa, London au Muscat bila kelele hata kidogo. Ni jambo zuri. Taabu huanza pale muuzaji anapoziweka mezani mbili zinazofanana kama mapacha, bei zikiwa tofauti, na fedha za kununulia ni zile zilizopatikana kwa kuuza chai, ndizi au parachichi za msimu mzima. Ukikosea, hutapata nyingine mpaka msimu mwingine.

Basi leo tuzitazame redio hizo kwa utulivu, tuone kinachozitofautisha hasa.

Kitu cha kwanza anachokionyesha muuzaji ni wati. Atakuambia, "Hii ina wati 100, ile ina 80 tu." Msikubali haraka. Chukueni mfano wa mashine mbili za kampuni ya Yamaha ya Japani. R-N303, ambayo ndiyo ya bei nafuu, imeandikwa wati 100 kila upande. R-N602, ambayo ni ya bei ya juu, imeandikwa wati 80. Je, ya bei ndogo ndiyo yenye nguvu zaidi? Hapana. Wati 100 zilipimwa kwa kuruhusu sauti iharibike kwa asilimia 0.2. Wati 80 zilipimwa kwa kuruhusu uharibifu mdogo zaidi, yaani kwa kipimo kikali zaidi. Ni sawa na wafanyabiashara wawili wa mahindi, mmoja anapima debe la kufurika na mwingine debe la kusawazisha. Huwezi kulinganisha idadi ya madebe yao kabla ya kutazama namna walivyopima.

Tena, hata kama vipimo vingekuwa sawa, tofauti ya wati 80 na 100 haifiki desibeli moja, na sikio la kawaida hupata shida kuitambua. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, nguvu hapana budi iongezeke kiasi cha mara kumi. Na katika sebule ya kawaida, mtu anayesikiliza taarifa ya habari hutumia wati moja, au pungufu. Hizo nyingine zinakaa akiba. Kwa hiyo wati zisiwe jambo la kwanza katika uchaguzi wenu. Kama fedha zimebaki, ziwekeni kwenye spika, kwa kuwa spika ndiyo inayobadilisha sauti kwa kiasi ambacho kila mtu nyumbani atakisikia.

Jambo la pili ni umeme, na hapa ndipo watu wengi wanapopata hasara. Umeme wetu ni volti 230. Wa Marekani ni volti 120, na wa Japani ni volti 100. Redio nyingi za aina hii hutengenezwa kwa volti moja tu. Ndugu aliyeko ng'ambo akikuletea zawadi, au ukinunua ya mtumba, geuza nyuma usome kibandiko kabla ya kuichomeka. Mashine ya volti 120 ikichomekwa kwenye umeme wetu, moshi utatoka kabla ya wimbo. Ukilazimika kuitumia, tafuta transfoma ya kupunguza umeme yenye uwezo unaotosha.

Redio ya Marekani ina ila nyingine isiyoonekana kwa macho. Huko vituo vya FM vimepangwa kwa kuruka hatua kubwa: 88.1, 88.3, 88.5 na kuendelea. Redio nyingine za huko haziwezi kusimama katikati, kwa mfano kwenye 88.4. Kwenye masafa ya kati, wao huhesabu kwa kumi kumi na sisi kwa tisa tisa. Redio nyingine zina namna ya kubadilisha hesabu hiyo, nyingine hazina. Muulizeni muuzaji, naye aonyeshe kwa vitendo.

Vilevile tazameni herufi. R-N303 ina ndugu yake aitwaye R-N303D. Herufi ile D ni ya redio ya dijitali ya DAB, inayotumika sana Ulaya. Kwetu matangazo ya namna hiyo hayajaenea, kwa hiyo msilipe zaidi kwa ajili ya herufi.

Jambo la tatu ni mahali mnapoishi. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na kilima kikiwa katikati hukata njia. Wilaya ya Rungwe ni nchi ya milima na mabonde. Nyumba mbili zilizoachana hatua mia tatu zinaweza kupata usikivu tofauti kabisa, moja ikiwa mgongoni na nyingine bondeni. Kwa hiyo redio isijaribiwe dukani peke yake. Ombeni kuijaribu nyumbani, au angalau hakikisheni ina tundu la waya wa antena ya nje. Waya mzuri ulioinuliwa juu ya paa husaidia kuliko wati hamsini za nyongeza. Na kwa kuwa mvua za Tukuyu huja na radi, ngurumo zikianza chomoeni waya wa umeme na ule wa antena pia. Kuizima kwa kitufe hakutoshi.

Sasa tuje kwenye intaneti yenyewe, ambayo ndiyo sababu ya bei kupanda. Hesabu yake ni hii. Kituo kinachorusha kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti 58 kwa saa. Mkisikiliza saa nne kila siku, kwa mwezi ni karibu gigabaiti 7. Muziki wa ubora wa juu, wa kilobiti 320, hufikisha gigabaiti 17 kwa saa hizo hizo. Kabla ya kuuliza bei ya redio, ulizeni bei ya bando, kwa maana redio hununuliwa mara moja na bando hununuliwa daima.

Pia ulizeni intaneti hiyo itatoka wapi. Nyumba nyingi hazina ruta. Intaneti iko kwenye simu ya baba au ya mama. Mwenye simu akienda shambani au kazini, redio imekuwa bubu. Fikirini bibi aliyebaki nyumbani. Anataka taarifa ya habari, na anataka matangazo ya vifo, maana huko ndiko anakojua ni msiba gani wa kwenda kesho. Hajui neno la siri, wala hana simu ya kugusa. Baadhi ya redio hizi, ili uchague kituo cha intaneti, zinakudai ufungue programu kwenye simu. Kwa bibi huyo, redio yenye vitufe mbele, FM inayoshika na vituo vilivyohifadhiwa kwa namba ni bora kuliko ile yenye vituo elfu ishirini vya dunia. Redio ya nyumbani ni ya watu wote wa nyumba, si ya mwenye simu peke yake.

Lipo na suala la umri. Sehemu ya kukuza sauti, ikitunzwa, inaweza kufanya kazi miaka ishirini. Sehemu ya intaneti huzeeka mapema, tena si kwa kuharibika, ila kwa sababu inategemea watu walio mbali. Mwezi Mei 2019, redio nyingi za mtandao zenye vifaa vya Frontier Silicon zilikatiwa ghafla huduma ya vTuner iliyokuwa ikizipa orodha ya vituo. Zilihamishiwa huduma nyingine, lakini vituo ambavyo wenyewe walikuwa wamevihifadhi vilipotea. Mwezi Mei 2022, Onkyo Home Entertainment, kampuni yenye jina kubwa katika redio za namna hii, ilifilisika huko Japani. Redio iliyo kabatini kwako haina ubaya wowote, lakini aliyekuwa akiihudumia kwa mbali ameondoka.

Kutokana na hayo, ushauri wangu ni huu. Ikiwa zile redio mbili zinatofautiana kwa mbwembwe za intaneti tu, chukueni ya bei ndogo. Simu yoyote ya kisasa inaweza kuleta kituo cha intaneti na kukipitisha kwenye redio kwa Bluetooth au kwa waya. Simu ikizeeka, mtabadilisha simu, redio itabaki. Lakini ikiwa zinatofautiana kwa ubora wa FM, kwa matundu ya waya nyuma, kwa volti sahihi, au kwa kuwepo kwa fundi wa karibu anayeweza kuifungua, ongezeni fedha mchukue iliyo bora. Tofauti hizo zitawafaa kila siku.

Na kama mtainunua yenye intaneti, jioni izimeni kabisa. Ikiachwa inasubiri, ikivuta wati 2 tu usiku na mchana, kwa mwaka itakula zaidi ya uniti 17 za umeme wenu wa LUKU bila kuwaimbia chochote.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Muuzaji akikasirika kwa kuulizwa volti, hatua za masafa na namna wati zilivyopimwa, hiyo nayo ni jibu. Mwageni kwa heshima, mwende duka la pili.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo.