Klachi ya Pikapu: Usiichezee, Usiiogope!

Haya wapenzi wasomaji, wiki hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi na disko. Leo tuingie uvunguni mwa gari, maana mwenzenu yamenikuta!

Mjomba wangu ana Hilux, mkweche kweli kweli, lakini ndiyo inayobeba matenga ya nyanya kwenda soko la Ilala. Isipotembea, chungu hakichemki. Sasa ikaanza vituko: unakanyaga mafuta, injini inalia kama ndege, lakini gari lenyewe linatambaa kama kobe. Kwenye kilima ndiyo usiseme, harufu ya kuungua tupu.

Fundi alipotaja bei, Mjomba akanyamaza. Kisha akanigeukia: "Mpwa wangu, si umemaliza fomu foo wewe? Tutaifungua wenyewe." Mshikaji nikaingia mkenge!

Kwanza, jua ugonjwa. Simamisha gari pahali tambarare, vuta hendibreki, weka gia ya tatu, kisha achia klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi bado inashika. Ikiendelea kuunguruma, ujue sahani imekwisha. Lakini kama tatizo ni gia kugoma kuingia, angalia kwanza mafuta ya klachi. Huenda klachi masta au silinda ya chini inavuja tu, na wewe unataka kushusha giaboksi bure!

Pili, jeki si rafiki yako. Gari likishanyanyuka, liweke juu ya stendi za chuma na uzibe magurudumu kwa magogo. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Chomoa na waya wa hasi wa betri.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mwaga oili ya giaboksi, la sivyo utaioga. Toa kijiti cha gia kutoka ndani. Weka alama kwenye propela kabla ya kuifungua, ili irudi ilivyokuwa. Fungua staata, nyaya na kebo ya spidi. Silinda ya chini ifungue na kuining'iniza pembeni bila kukata mpira wake. Injini iegemeze kwa kipande cha ubao chini. Ndipo giaboksi ishuke, na hapo muwe watu wawili au zaidi, maana ni mzigo.

Vumbi utakalolikuta usilipulize kwa mdomo! Sahani nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, kitu kinachoharibu mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi.

Ukishafika huko ndani, badilisha vyote vitatu: sahani, presha pleti na beringi ya klachi. Ukiona oili imelowanisha sahani, huenda sili ya nyuma ya injini au ya mbele ya giaboksi inavuja, nayo ibadilishe. Flaiwili ikiwa na nyufa au madoa ya bluu, ipeleke kwa mtu wa mashine aiangalie. Boliti za presha pleti zikaze kwa kuvukanisha, kidogo kidogo, huku sahani ikiwa katikati kabisa.

Basi mwenzenu nikafanya yote hayo. Saa kumi na moja jioni Mjomba kapanda, kakanyaga klachi, kutia gia... krrr! Haiingii. Moyo ukanidunda. Kumbe sahani nimeigeuza! Upande wenye springi zilizotokeza unatakiwa utazame giaboksi, mimi nimeutazamisha kwenye flaiwili.

Na nyanya zilishachumwa, zimo kwenye matenga. Nilitamani ardhi inimeze. Mjomba hakunifokea. Aliwasha chemli, akaingia uvunguni, akasema, "Shika spana." Tukashusha tena giaboksi. Bahati sahani haikupinda. Tulimaliza usiku wa manane, mikono meusi kama makaa.

Alfajiri pikapu ikatoka na mzigo, gia zinaingia kama kisu kwenye siagi. Mjomba akapiga honi mara moja tu, lakini mimi nikaielewa.

Ukimaliza yako, usisahau kurudisha oili ya giaboksi. Na siku za mwanzo iendeshe kistaarabu, hakuna kupakia kama lori, wala kuweka mguu juu ya klachi kama kiti cha kupumzikia.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwa sasa natafuta sabuni ya kutoa grisi kuchani!