Buti la Saa Chache, Oda ya Miezi

Mkandarasi anayeagiza jozi 500 za mabuti ya usalama kutoka kiwandani huambiwa, mara nyingi, kwamba mzigo utakuwa tayari baada ya siku 30 hadi 60, na hesabu hiyo haianzi siku oda ilipotumwa bali siku malipo ya awali yalipoingia na sampuli ilipoidhinishwa. Muda huo unashangaza, kwa kuwa jozi moja ikifuatiliwa tangu ngozi inapokatwa hadi kamba zinapotiwa, kazi halisi ya mikono na mitambo haifikii hata siku moja. Pengo kati ya saa hizo chache na wiki hizo nyingi linastahili kuchunguzwa, kwa sababu upande wa pili wake yupo kibarua ambaye tayari anabeba nondo, na miguu yake haijakingwa.

Buti la usalama, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 20345, ni kiatu chenye kofia ya vidole, yaani kibakuli kigumu cha chuma, alumini au plastiki imara kilichofichwa kati ya ngozi na bitana, ambacho hupaswa kustahimili pigo la jouli 200, takriban sawa na uzito wa kilo 20 ulioangushwa kutoka kimo cha mita moja, na mgandamizo wa kilonewtoni 15. Baadhi ya mabuti huongezewa bamba chini ya unyayo ili msumari usipenye.

Anayeuelewa ungojaji huu kuliko wote ni mpanga ratiba, yaani mtu wa kiwandani anayeamua kila oda ipite lini kwenye kila mtambo, na hesabu yake huanza na kile ambacho hakijafika. Kiwanda cha viatu kwa kawaida hakisindiki ngozi chenyewe, bali huinunua ikiwa imekwisha kusindikwa, yenye unene wa karibu milimita 2, na mteja anayetaka rangi isiyo ya kawaida humlazimu msindikaji kuanza upya. Kofia za vidole hutoka kwa mtengenezaji mwingine, bitana kwa mwingine, na kwa mpanga ratiba jozi 500 zilizopata vifaa vyote isipokuwa kofia ni sawa na jozi ambazo hazijaanza.

Baada ya vifaa kutimia, kazi hukimbia. Vipande hukatwa kwa mashine ya kugandamiza, hushonwa kwa cherehani, kisha kofia ya vidole huingizwa mahali pake kabla ya sehemu ya juu ya kiatu kuwambwa juu ya foroma, yaani umbo la mguu lililotengenezwa kwa plastiki au chuma. Hapa ndipo buti hupata sura, na hapa ndipo makosa hujificha: ngozi hulainishwa kwa mvuke, koleo za mtambo huikamata pembeni na kuivuta chini huku gundi ya moto ikiishika kwenye soli ya ndani, na ikivutwa zaidi kidogo upande mmoja, kofia hukaa mshazari na ukingo wake humkata mvaaji juu ya vidole kila anapopiga hatua, ingawa kwa macho kiatu hakina kasoro. Kisha ukingo wa ngozi hukwaruzwa hadi utoe nyuzi, kwa sababu soli haishiki kwenye ngozi laini.

Soli ya mabuti mengi ya siku hizi haibandikwi bali humiminwa. Kemikali mbili huchanganywa na kuingizwa ndani ya kalibu ya alumini iliyofungwa kuzunguka sehemu ya chini ya kiatu, zikaumuka kama unga wa maandazi na kuwa poliurethani, mpira mwepesi wenye vitundu vya hewa, na baada ya dakika chache kiatu hutolewa. Tatizo ni kwamba kila namba ya kiatu ina kalibu yake, ya kushoto na ya kulia, na kalibu hizo ni ghali. Namba 41 hadi 44, ambazo wanaume wengi huvaa, hukaa mtamboni kwa muda mrefu, lakini mwenye namba 36 au 48 hungoja mpaka oda za wateja kadhaa zikusanyike ndipo kalibu yake ifungwe. Mpanga ratiba hafanyi hivyo kwa ukatili. Kubadilisha kalibu ni kuusimamisha mtambo, na mtambo uliosimama huchelewesha oda ya kila mtu. Hata hivyo, wanaongoja zaidi ni wale ambao miguu yao haikufikiriwa tangu mwanzo, wakiwamo wanawake wengi wanaofanya kazi za ujenzi.

Soli iliyomiminwa haipimwi papo hapo, kwani poliurethani huendelea kukomaa kwa siku moja au zaidi, na kuipima mapema ni kuipa hukumu isiyo yake.

Kwa Afrika Mashariki, kungoja hakuishii kiwandani. Yako mabuti yanayotengenezwa karibu, kama yale ya Bata huko Limuru, lakini mengi huja kutoka China, ambako mji wa Gaomi katika jimbo la Shandong unajulikana kwa viatu vya kazi, na safari ya meli hadi Mombasa au Dar es Salaam mara nyingi huongeza mwezi au zaidi. Oda inayotumwa karibu na Mwaka Mpya wa Kichina hukuta mafundi wamerudi makwao, na hakuna malipo ya haraka yanayoweza kuziba nafasi zao.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Lakini kibarua wa miezi miwili huajiriwa leo, na namba ya mguu wake huandikwa baada ya hapo, ikiwa inaandikwa. Je, nani anapaswa kuagiza mapema kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaajiriwa, na kwa gharama ya nani kalibu ya namba 36 ifungwe?