Klachi ya Land Rover: Nani Alipe?

Katika shamba moja la chai upande wa Kenya, ambalo sitalitaja, dereva wa Land Rover kuukuu alikatwa mshahara miezi mitatu kwa sababu klachi iliungua. Meneja alisema dereva huyo hulalia pedali. Mimi niliitwa baadaye, gari limekwisha kufunguliwa. Pleti ilikuwa imelowa oili nyeusi ya injini. Land Rover za Series III zilitengenezwa tangu 1971 hadi 1985, na nyingine zingali zinavuta kazi mashambani. Basi heri tuzijue.

Klachi ina magonjwa mawili, wala yasichanganywe. La kwanza ni kutokata: unakanyaga pedali mpaka chini, lakini gia zinalia na kukataa kuingia, hasa rivasi. La pili ni kuteleza: mlimani injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inasikika.

Isipokata, usikimbilie kushusha giaboksi. Klachi hii inasukumwa na mafuta ya breki. Angalia kikopo chake. Yakiwa yamepungua, yanavuja mahali. Funua mpira wa vumbi wa silinda ndogo, ile iliyofungwa kwenye nyumba ya klachi. Ukiukuta umelowa ndani, raba zimekwisha. Silinda kubwa ikivuja, mafuta hushuka penye pedali na kubambua rangi. Na kama klachi inakata baada ya kupiga pedali mara mbili tatu, mna hewa. Kuitoa ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine analegeza nati ya kutolea hewa iliyovikwa kipira kilichozama ndani ya chupa yenye mafuta ya breki, kisha anaikaza kabla mguu haujainuka. Rudieni mpaka mapovu yaishe, na kikopo kisikauke. Chonde, msijaze oili ya injini. Nilimwona tanboi akifanya hivyo ili wafike nyumbani. Raba zote zilivimba.

Gari lililolala muda mrefu wakati wa mvua ni jambo jingine. Huenda pleti imeshikwa na kutu kwenye flaiwili, na silinda hazina kosa.

Sasa kuteleza. Weka mawe penye magurudumu, vuta hendibreki, watu waondoke mbele. Tia gia ya nne, ongeza moto kidogo, achia klachi polepole. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma, inateleza.

Kabla ya kumlaumu mtu, ingia chini ya gari. Nyumba ya klachi ina tundu dogo chini. Kizibo chake hutiwa wakati wa kuvuka mto tu, kisha hutolewa. Wengi hukisahau humo, oili inakusanyika na kuirukia pleti. Oili nyeusi imetoka kwenye sili ya nyuma ya injini. Ile nzito yenye harufu kali imetoka giaboksi. Zote mbili si mguu wa dereva. Lakini tusijidanganye: pleti kavu iliyolika mapema mara nyingine kweli ni ya yule anayepumzisha mguu juu ya pedali.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Sili iliyozeeka si makusudi ya mtu. Kwa hiyo mwakilishi wa chama awepo klachi inapofunguliwa, na pleti ya zamani isitupwe. Dereva wetu yule alirudishiwa fedha kwa sababu fundi aliihifadhi ndani ya gunia.

Kwa ninyi mafundi: giaboksi hii haishushwi kwa mikono na mtu mmoja, dai winchi au wenzako. Vumbi la pleti za zamani lina asbesto, nayo huua mapafu. Usilipulize kwa upepo wa kompresa. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, na kitambaa hicho usiende nacho nyumbani.