Kidani cha Khaybar na Pauni za Bibi

Siku ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, sahaba Fadhala bin Ubayd (R.A.) alinunua kidani kwa dinari 12. Kilikuwa cha dhahabu iliyotungwa pamoja na shanga za mawe. Alipokichambua, dhahabu upande wake na shanga upande wake, alikuta dhahabu peke yake imezidi dinari 12. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, alikataza kidani cha namna ile kuuzwa mpaka kwanza kitenganishwe. Habari hii imo katika Sahihi ya Imam Muslim.

Dinari zenyewe wakati huo zilikuwa sarafu za Warumi wa Konstantinopoli, zenye sura ya mfalme, kila moja yapata gramu 4 na nusu. Mafundi wa dola ya Kirumi walikuwa na desturi, tangu karne ya 3 Miladi hivi, ya kuzizungushia sarafu za dhahabu fremu zilizotobolewa nakshi, wakazitunga kuwa vidani na kuongeza lulu, yakuti na zumaridi za jangwa la Misri. Mvaaji alibeba pambo na akiba kwa pamoja. Mwaka wa 77 Hijria, Abdul Malik bin Marwan alipotoa dinari ya Kiislamu ya gramu 4.25, sura iliondoka na mahali pake pakaandikwa shahada. Pambo la namna hiyo lina adabu yake: mwenye kulivaa hulivua aingiapo chooni.

Kwetu pwani, aliyerithi kidani cha bibi huenda akakuta pauni ya Kiingereza, dhahabu ya karati 22, kichwa cha mfalme upande mmoja na, mara nyingi, mpanda farasi apiganaye na joka upande wa pili. Mama akikichoka hukipeleka kwa sonara: "Nipe cha kisasa, nitakuongeza kidogo." Hapo ndipo kisa cha Khaybar kinapotugusa. Dhahabu kwa dhahabu ni uzito sawa, mkono kwa mkono. Ziada ni riba, hata kimoja kikiwa kikuukuu na kingine kimetoka kwa fundi leo. Na akiuza kwa shilingi hana haja ya kukivunja: apokee fedha zake kwanza, kisha anunue kipya kwa bei yake. Ni hatua moja tu ya ziada, nami sioni kwa nini wengi wetu tunaiona nzito.

Kabla ya hapo, mizani. Pauni isiyotobolewa wala kutiwa lehemu ifunguliwe kwenye vikucha vyake ipimwe peke yake. Iliyo halisi na isiyolika sana huwa gramu 7.98 au pungufu kidogo tu, na za bandia zimekuwapo tangu zamani. Mawe nayo yahesabiwe kando. Sonara hutoa uzito wake anaponunua kwako. Aulizwe kama huutoa pia anapokuuzia.