Kuacha Maziwa Kuna Hesabu Yake
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha mla mimea wetu akiwa ameshaaga nyama na samaki. Leo tunamfuata kwenye hatua inayowashinda wengi. Mwambie mwenyeji wako kwamba huli nyama, atakukaangia mayai. Kataa mayai, atakusogezea kikombe cha chai ya maziwa. Kataa na hicho, na hapo ndipo maswali yanapoanza: unaumwa? Umebadili dini? Kuna mtu amekuudhi? Kwa wengi wetu nyama ni chakula cha sikukuu na mwisho wa mwezi, hivyo aliyeiacha anaweza kukaa majuma mengi bila kugundulika. Maziwa yamo kwenye chai ya asubuhi, kwenye mkate, kwenye biskuti za watoto, kwenye samli ya pilau. Aliyeyaacha hutambulika siku ile ile.

Wanaoitwa vegani, yaani watu wasiotumia chochote kitokacho kwa mnyama, walijitenga na kuwa chama kwa sababu ya maziwa hasa. Uingereza ilikuwa na chama cha wala mboga tangu mwaka 1847, na wanachama wake walikunywa maziwa na kula jibini bila wasiwasi. Mwaka 1944 mwalimu wa useremala, Donald Watson, pamoja na wenzake wachache, waliomba nafasi kwenye jarida la chama hicho kwa ajili ya wanachama wasiotumia maziwa. Wakanyimwa. Novemba mwaka huo wakaunda chama chao, na Watson akaanza kuchapa kijarida chake mwenyewe.

Tuukumbuke wakati wenyewe. Vita vilikuwa havijaisha, chakula kilitolewa kwa mgao, na mla mboga aliyerudisha haki yake ya nyama alipewa nyongeza ya jibini. Kundi la Watson lilikuwa likiikataa fidia yenyewe. Kifua kikuu kilikuwa kimeenea katika mazizi ya Uingereza, na hilo liliwapa hoja ya afya, lakini Watson aliongozwa na dhamira. Alikuwa ameacha nyama akiwa na miaka 14, baada ya kushuhudia nguruwe akichinjwa kwenye shamba la mjomba wake. Ukubwani akaona kwamba zizi la maziwa na machinjio ni nyumba moja yenye milango miwili. Alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 95, na kwa zaidi ya miaka 60 hakuwa ametumia maziwa.

Si yeye wa kwanza. Waliosoma fasihi ya Kiarabu wanamjua Abul-Ala al-Maarri, mshairi kipofu wa mji wa Maarrat al-Numan, Syria, aliyezaliwa mwaka 973 na kufariki 1057. Ndui ilimpokonya macho utotoni. Kwa miongo kadhaa ya utu uzima wake alijifungia nyumbani bila nyama, mayai, maziwa wala asali, akila adesi na matunda. Msimamo huo ulimfikia mhubiri wa dola ya Wafatimi huko Misri, al-Muayyad al-Shirazi, naye akamwandikia kumhoji: kwa nini ajinyime alichohalalishiwa? Barua zao zimehifadhiwa hadi leo. Al-Maarri alijibu kwa huruma ya mama mnyama anayetenganishwa na mwanawe, kisha akaongeza kwamba kipato chake ni kidogo na mtumishi wake naye ana sehemu yake humo. Mimi jibu la pili ndilo linalonivutia. Wengi waliodumu na mlo wa mimea duniani wamedumu kwa mchanganyiko huo huo, imani kidogo na mfuko kidogo, na wala si aibu.

Hoja ya huruma inataka kueleweka, hata na asiyeikubali. Ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae. Hubeba mimba miezi tisa, na kwenye shamba la biashara hupandishwa tena miezi michache tu baada ya kuzaa, ili kila mwaka apatikane ndama na maziwa yasikatike. Kwenye mashamba makubwa ya Ulaya ndama huondolewa kwa mama yake saa chache au siku chache baada ya kuzaliwa. Akiwa dume wa mbegu ya maziwa, hana faida ya kufugwa muda mrefu. Mama naye, maziwa yakipungua, hupelekwa kuchinjwa akiwa bado na umri mwingi mbele yake. Anayekunywa maziwa kwa sababu tu "hakuna aliyechinjwa" hajaifuata biashara hiyo hadi mwisho.

Lakini lawama hiyo haimwangukii kila mfugaji kwa uzito mmoja. Ng'ombe wetu wa asili hubana maziwa asipomwona ndama. Ndama hufungwa jirani, huachiwa avute kidogo maziwa yashuke, mkamuaji hufanya kazi yake, kisha ndama hurudishiwa chuchu. Na kwa mfugaji wa Longido au Marsabit, ambako mvua haitoshi mahindi, mnyama ndiye anayegeuza nyasi na vichaka kuwa chakula cha binadamu. Anayekwenda kumhubiria huyo aache maziwa hana adabu, na pia hajui jiografia.

Sasa tuingie mwilini. Watoto wa binadamu huzaliwa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kinachovunja laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa. Kwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto. Laktosi hufika kwenye utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria huichachua, na tumbo hujaa gesi, hunguruma, pengine huharisha. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha, kwa sampuli za watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, kwamba jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki zina badiliko lao la kinasaba linaloifanya laktasi idumu ukubwani. Ni tofauti na lile la Wazungu, na lilienea ndani ya miaka elfu chache tu iliyopita. Ndiyo maana ndugu wa kuoa na kuolewa wanaweza kukaa meza moja, mmoja akanywa nusu lita bila taabu na mwingine akaona tabu kwa kikombe kimoja. Mtindi humsumbua mtu kidogo kuliko maziwa mabichi kwa kuwa bakteria wamekwishakula sehemu ya laktosi.

Mtu wa namna hiyo akiacha maziwa hupata nafuu katika siku chache, na nafuu hiyo humdanganya. Tumbo likitulia, hudhani mwili wote umetulia.

Kinachopungua kwa kificho ni akiba ya vitamini B12. Vitamini hii hutengenezwa na bakteria. Hata ng'ombe haitengenezi mwenyewe. Huipata kwa bakteria wanaoishi tumboni mwake, nasi huipata kwa nyama, mayai na maziwa yake. Mimea haina. Anayekula mboga na mayai ana njia ya kuipata, lakini akifunga mlango wa maziwa na mayai, amefunga yote. Watson na wenzake hawakuweza kulijua hilo mwaka 1944, kwa sababu B12 ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, Marekani na Uingereza karibu kwa wakati mmoja. Baadhi ya vegani wa mwanzo waliugua bila kujua sababu.

Ini la mtu mzima huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa. Kwa hiyo mwaka wa kwanza utakuwa mzima, wa pili pia, pengine na wa tatu. Ushuhuda wa mtu aliyeacha maziwa mwaka jana, hata aseme vizuri vipi, hauthibitishi kitu. Akiba ikiisha, dalili huja polepole: uchovu, ulimi kuuma, ganzi vidoleni na miguuni, kuyumba gizani, kusahau. Mboga za majani na maharage zina foleti nyingi, na foleti huweza kuuficha upungufu wa damu ambao ungemshtua daktari mapema, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Damu hurekebishika kwa matibabu. Mishipa ya fahamu ikicheleweshwa, si lazima irudi ilivyokuwa.

Mahitaji yenyewe ni madogo ajabu: maikrogramu 2.4 kwa siku kwa kipimo cha Marekani. Chama alichokianzisha Watson leo huwashauri wanachama wake, kama hawali vyakula vilivyoongezwa B12, wameze kidonge cha maikrogramu 10 kila siku au cha maikrogramu 2,000 mara moja kwa wiki. Tofauti hiyo kubwa ina sababu. Utumbo hupokea maikrogramu mbili hivi tu kwa mara moja kupitia njia yake maalumu, na katika zinazobaki, takriban asilimia moja tu hupenya. Wauzaji wa spirulina husema unga wao una B12. Sehemu kubwa ya kilichomo ni umbo lisilofanya kazi kwa binadamu, na linaweza hata kuvuruga vipimo.

Kalsiamu ni hesabu ya pili. Utafiti wa EPIC-Oxford, uliofuatilia watu wapatao 55,000 nchini Uingereza kwa wastani wa miaka 18, ulitoa matokeo mwaka 2020: vegani walivunjika mifupa kwa asilimia 43 zaidi ya wala nyama, na nyonga zao ziko hatarini zaidi ya mara mbili. Wembamba wa mwili ulichangia, na protini na kalsiamu ndogo pia, bila kumaliza maelezo yote. Watafiti hao hao, katika ripoti ya 2007, walikuwa wameona kwamba tofauti ilitoweka kwa vegani waliopata angalau miligramu 525 za kalsiamu kwa siku. Sisemi vegani wote watavunjika nyonga. Nasema kwamba kikombe cha maziwa kilikuwa kikikupa miligramu 300 hivi bila wewe kufikiri, na sasa lazima ufikiri.

Hapa majani hayafanani. Mwili hupokea karibu theluthi moja ya kalsiamu ya maziwa. Kwa sukuma wiki na chainizi hupokea kiwango hicho au zaidi. Kwa spinachi hupokea asilimia tano hivi, kwa sababu oksalati huishika kalsiamu na kutoka nayo. Mchicha wetu nao una oksalati nyingi, kwa hiyo anayeutegemea kama chanzo chake cha kalsiamu anajidanganya, ingawa kwa mambo mengine ni mboga bora. Ufuta wa Lindi una kalsiamu tele kwenye ganda, na oksalati iko kwenye ganda hilo hilo.

Madini joto ni hesabu ambayo sisi tumebahatika. Uingereza vegani hupungukiwa nayo, kwa sababu huko maziwa ndiyo chanzo kikuu na chumvi haiwekwi madini hayo kwa lazima. Kwetu huwekwa kwenye chumvi ya mezani. Anayeacha maziwa Dar es Salaam au Nairobi hana la kufanya zaidi ya kuendelea kununua chumvi ya pakiti.

Nimeliacha tui kwa makusudi hadi sasa. Mtu wa pwani akisikia habari za kuacha maziwa hucheka: mbaazi za nazi, kisamvu cha nazi, wali wa nazi, mihogo ya nazi, vyote havina tone la maziwa na hakuna aliyewahi kuviita mlo wa kujinyima. Ni kweli, na kwa ladha sidhani kama kuna jamii iliyoandaliwa vizuri zaidi kwa mlo huu. Lakini tui halishiki nafasi ya maziwa. Ni mafuta na maji. Protini yake ni kidogo, kalsiamu karibu hakuna, B12 hakuna kabisa. Aliyebadilisha glasi ya maziwa kwa tui amebadilisha ladha tu.

Kinachokaribia ni maziwa ya soya, ambayo kwa protini yako sawa na ya ng'ombe. Nyumbani hutengenezwa hivi. Loweka soya usiku kucha, mwaga maji, kisha zitumbukize kwenye maji yanayochemka tayari. Joto la ghafla huzuia ile harufu ya maharage mabichi inayowakimbiza watu. Menya maganda, saga na maji safi, chuja kwa kitambaa, halafu chemsha tena kwa dakika ishirini huku ukikoroga, maana hufura na kumwagika ukigeuka tu. Usiyanywe mabichi, kwa kuwa soya mbichi ina viini vinavyozuia protini isisagwe tumboni. Ya pakiti mara nyingi huongezwa kalsiamu, lakini hiyo hujikusanya chini, hivyo tikisa pakiti kabla ya kumimina. Ya kujitengenezea hayana nyongeza hiyo, na msomaji aliyefika hapa anajua pengo hilo litazibwa na mboga gani.

Kwa anayekusudia kuanza, ombi langu ni moja: nunua B12 kabla hujamaliza maziwa yaliyobaki jikoni. Ukienda duka la dawa usiombe tu "vitamini B." Vidonge vingi vya B mchanganyiko vinavyouzwa kwa bei ndogo vina B1, B2 na B3 pekee. Soma lebo mpaka uone B12 au sayanokobalamini, na kiasi chake. Kama umekaa miaka bila maziwa, mayai wala kidonge, na umeanza kuhisi ganzi, nenda hospitali ukapimwe damu kabla hujajitibu. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wachanga wana hesabu yao tofauti na nzito zaidi, nayo ndiyo makala ya wiki ijayo. Mpaka hapo, tafadhali, asiwepo mzazi atakayemwachisha mtoto maziwa kwa kusoma haya.