Cheti cha Dawa Kikibadilishwa Dirishani

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake. Ninyi mlioko Kiomboi, Manyoni, Itigi, Ikungi, Mkalama na hapa Singida mjini, karibuni katika somo letu.

Leo tutasoma juu ya karatasi ndogo ambayo hakuna nyumba isiyoijua, yaani cheti cha dawa. Tutaona mambo yanayotakiwa pale mfamasia anapokibadili cheti hicho au anapokihuisha, na jinsi anavyoliandika jambo hilo katika kompyuta. Msiliogope neno kompyuta. Leo hamtaigusa. Lakini yaliyoandikwa ndani yake ni habari zenu wenyewe, na mtu ajuaye kusoma hawezi kuacha kuuliza habari zake zimeandikwaje.

Kwanza tuelewane maneno. Tabibu akisha kukupima huandika jina la dawa, nguvu yake, mara ngapi umeze, na kwa siku ngapi. Hicho ndicho cheti, kiwe katika karatasi au katika kompyuta. Mfamasia ni mtaalamu wa dawa aliyesomea kazi hiyo na kuandikishwa na Baraza la Famasi, ambalo linafanya kazi kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Kubadili cheti ni kutoa kitu tofauti kidogo na kilichoandikwa: pengine vidonge vya nguvu nyingine, pengine dawa ile ile ya kiwanda kingine. Kuhuisha cheti ni kukipa uhai tena baada ya siku zake kwisha, ili mgonjwa wa presha, wa kisukari au wa kifafa aendelee na dawa zake bila kukatiza.

Sasa nitawapeni kisa cha shangazi yangu. Shangazi ni mkulima wa vitunguu, na ana presha. Tabibu alimwandikia dawa iitwayo amlodipini, kidonge kimoja cha 10 mg kila siku, kwa siku 30. (Herufi hizo mbili, mg, husomwa miligramu. Ni kipimo cha uzito wa dawa iliyomo katika kidonge.) Alipofika dirishani, vidonge vya 10 mg vilikuwa vimekwisha. Vilikuwapo vya 5 mg. Mtoa dawa akafanya hesabu sawasawa: tano mara mbili ni kumi. Akampa vidonge 60 na kumwambia, “Mama, umeze viwili viwili kila siku.” Shangazi akafanya hivyo, na presha ikatulia.

Mpaka hapo hakuna kosa katika dawa. Kosa lilikuwa katika maandishi. Katika kompyuta iliandikwa tu kwamba vidonge 60 vimetoka ghalani. Sababu haikuandikwa, wala haikuandikwa kwamba mama huyu sasa anameza viwili.

Mwezi wa pili vidonge vya 10 mg vilikuwa vimerudi. Mtu mwingine alikuwa dirishani. Akafungua kompyuta, akaona maneno ya tabibu bado yamesimama, akatoa vidonge 30 vya 10 mg. Juu ya pakiti aliandika kimoja kwa siku. Lakini shangazi hakujua kusoma wakati ule, na vidonge vyote vilikuwa vyeupe. Akaendelea kumeza viwili, kama alivyozoea. Kumi na kumi ni ishirini! Kwa dawa hiyo mtu mzima hapewi zaidi ya 10 mg kwa siku. Miguu ikamvimba, na kila akiinuka kitandani nyumba ilimzunguka.

Siku ya kumi na tano dawa zikamwishia. Aliporudi kuomba nyingine alionekana mwongo, maana kompyuta ilisema bado ana vidonge 15 nyumbani. Aliulizwa mbele za watu kama amewagawia majirani. Nawaambieni kweli, jambo hilo lilimuuma kuliko miguu. Ndipo akatoka ndani mfamasia kijana.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama, hebu nionyeshe unavyozimeza.”

Shangazi akatandaza kiganja, akaweka vidonge viwili. Kijana yule hakuuliza zaidi. Alimpeleka kwa tabibu saa ile ile.

Sitataja kituo hicho, kwa maana jambo kama hili laweza kutokea mahali popote. Kila mfanyakazi dirishani alifanya sehemu yake. Aliyekosekana ni yule wa kuwaunganisha, na muunganishi huyo ni maandishi. Mtu atakayekuhudumia mwezi ujao hakuwapo leo. Atajua tu yale aliyoandikiwa.

Basi, ingeandikwaje? Someni pamoja nami, polepole:

“Cheti cha kwanza: amlodipini 10 mg, kidonge 1 kila siku, siku 30. Kimesimamishwa.

“Badala yake: amlodipini 5 mg, vidonge 2 kila siku, siku 30. Jumla vidonge 60.

“Sababu: vya 10 mg vimekwisha. Kiasi cha dawa kwa siku hakikubadilika.

“Mgonjwa ameelezwa. Akipewa tena vya 10 mg, aambiwe arudi kwenye kidonge 1.”

Pigeni mstari chini ya neno “kimesimamishwa.” Cheti cha kwanza hakifutwi. Kikifutwa, hakuna atakayejua tabibu alitaka nini. Wala hakiachwi wazi, kwa sababu kikiachwa wazi vyeti viwili vitasimama pamoja, na mgonjwa huenda akapewa dawa mara mbili. Kinasimamishwa, kinabaki kikisomeka, na kipya kinaandikwa chini yake. Programu za kompyuta hazifanani. Nyingine zina mahali maalum pa kuandikia sababu, na nyingine zina nafasi ya maelezo tu. Hata nafasi ikiwa ndogo, sababu iandikwe.

Katika hospitali na vituo vingi vya serikali nchini programu inayotumika huitwa GoT-HoMIS, iliyotengenezwa na wataalamu wa serikali chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Mgonjwa akiandikishwa mapokezini, tabibu anamwona katika kompyuta yake. Tabibu akiandika dawa, dirisha la dawa linaiona. Ikitolewa, hesabu ya ghala inapungua. Kila mfanyakazi huingia kwa jina lake na neno lake la siri, ili ijulikane nani ameandika nini na lini. Ndiyo sababu si vizuri hata kidogo mfanyakazi kumwazima mwenzake neno la siri, hata wakiwa marafiki wa chanda na pete. Umeme ukikatika, kazi huandikwa katika daftari, na ukirudi huhamishiwa katika kompyuta kwa tarehe ile dawa ilipotolewa, si tarehe ya kuhamisha.

Huenda mmoja wenu akauliza: je, mfamasia ana ruhusa ya kubadili kila kitu? Hapana. Dawa ile ile yenye jina la kiwanda kingine ni jambo jepesi, kwa kuwa matabibu hushauriwa kuandika jina la dawa yenyewe, si jina la kiwanda. Panadol na parasetamoli, mathalani, ni dawa moja yenye majina mawili. Hata hivyo iandikwe, maana wako watu wanaomeza zote mbili wakidhani ni mbalimbali, na parasetamoli ikizidi huharibu ini. Lakini kuweka dawa nyingine kabisa mahali pa ile ya kwanza, au kuongeza kiasi, kwahitaji kauli ya aliyeandika cheti. Mfamasia humpigia simu, kisha huandika: nimesema na nani, saa ngapi, naye amekubali nini.

Kuhuisha nako ni vivyo hivyo. Ziko nchi ambako mfamasia amepewa ruhusa kubwa zaidi. Huko Kanada, jimbo la Alberta liliwapa wafamasia ruhusa ya kubadili na kuhuisha vyeti tangu mwaka 2007. Katika jimbo la British Columbia maduka ya dawa yameunganishwa kwa mtandao mmoja, PharmaNet, tangu mwaka 1995, hata kinachoandikwa katika mji mmoja husomwa katika mji mwingine. Lakini pamoja na ruhusa hiyo mfamasia hutakiwa kuandika sababu, na kumjulisha tabibu wa kwanza. Kwetu sisi, dawa ya cheti yataka cheti, na siku zikiisha mgonjwa hurudi kwa tabibu. Yule anayehuisha, awe nani, aulize kwanza: presha imepimwa leo? Dawa inakudhuru? Unaimezaje? Majibu yaandikwe pamoja na tarehe. Neno “aendelee” peke yake halitoshi. Lingeandikwa kwa shangazi, angeendelea na vile viwili.

Nanyi mnayo sehemu yenu. Dawa ikiwa na rangi au namba nyingine kuliko ya mwezi uliopita, usiondoke dirishani. Sema kwa heshima, “Ndugu, naona hii imebadilika. Imeandikwa katika habari zangu?” Huo si ugomvi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua habari zake zilizowekwa na kuomba zisahihishwe kama zina makosa. Kisha nakili katika daftari lako la kliniki: jina la dawa, namba ya miligramu, vidonge vingapi kwa siku, na tarehe. Shangazi hufanya hivyo siku hizi. Mwandiko wake ni mkubwa, dawa moja inakula ukurasa mzima, lakini unasomeka.

Sasa kazi ya nyumbani. Tabibu ameandika metfomini, dawa ya kisukari, 1000 mg asubuhi na 1000 mg jioni, kwa siku 30. Dirishani kuna vidonge vya 500 mg tu. Andikeni cheti kipya katika madaftari yenu kwa mfano ule tuliousoma, pamoja na sababu, na mtafute jumla ya vidonge atakavyopewa mgonjwa. Wale waliokwama kwenye kuzidisha wakae na jirani. Kwaherini.